Nilikula Ugali wa Sinia

Mlandege, Jumatano. Baridi, manyunyu tangu asubuhi.

Mtoto wa kaka yangu amepoteza sikio la kushoto, halisikii tena. Alilipoteza Jumapili, siku thelathini na nane zilizopita, kwa makofi ya baba yake, kwa sababu aliunguza maharage. Ana miaka minane. Leo daktari amempima: kilo kumi na saba. Sikio, amesema, lingepona kama angeletwa wiki ile ile.

Angeletwa na nani? Na mimi.

Kwetu Igowole tuko kaya arobaini na moja tu, kikundi cha dini kinachojitenga. Majirani wanatuita watu wa sinia. Ugomvi wetu hauendi serikalini. Unapelekwa kwa wazee, mkosaji anapiga magoti, kisha wote waliopo wanakula ugali na maharage yasiyo na chumvi kwenye sinia moja. Ukishakula, umefunga mdomo.

Mimi niliondoka kule na miaka kumi na saba na cherehani ya kuazima. Leo nina mafundi sita. Nikajiona nimetoka kabisa. Lakini wiki ile ile, nilipokwenda kuwasalimu nikamkuta mtoto amefungwa kitambaa sikioni, miguu ilinipeleka kwa wazee, siyo polisi. Nilidhani watamtoa kwa yule baba.

Kaka alipiga magoti dakika kama tatu. Sinia likaletwa. Aliyetunawisha mikono ni mtoto mwenyewe, kitambaa kimelowa usaha. Alianza na baba yake, akamalizia kwangu.

Nikanawa. Nikala.

Jana wifi yangu, mama wa mtoto, alitoroka naye hadi hapa mjini, akaniachia, akarudi kwa watoto wake wawili wadogo. Leo asubuhi kaka akanipigia simu. Hakuuliza mtoto anaendeleaje. Alisema tu, "Dada, wewe si ulikula?"

Hospitali wametupeleka ustawi wa jamii. Nimeeleza yote, pamoja na ugali. Afisa amejaza kurasa mbili na nusu. Gari limeshaondoka kumfuata wifi na wale wadogo, na kaka ameandikiwa wito.

Sasa hivi niko dukani na mtoto. Nimemwita mara mbili, hakugeuka. Ya tatu akanivuta mkono.

"Shangazi, hamia huku," akanionyesha upande wake wa kulia.

Nimehamia. Ndiko ninakoandikia.

Kaka, najua unasoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni. Kundi linakataza simu janja, lakini ya kwako iko kwenye debe la mahindi. Najua pia wazee watakufundisha useme alianguka. Mimi neno la kwangu nimeshalitia sahihi: nilijua, na nilikula. La kwako nalitaka Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, mbele ya afisa, bila kuzungukazunguka.

Alianguka, au ulimpiga?