Kidonge cha Jioni

Jumanne, 4 Machi. Asubuhi ya mawingu, mvua imekataa kunyesha.

Kwako mdogo wangu Kasuku,

Natumaini u mzima, na mama pia. Mimi sijambo, tena sijambo ya kweli, si ile ya kuandika kwenye barua. Ni wiki ya pili tangu nianze dawa hii ya majaribio, na mikono yangu iliyokuwa ikishindwa hata kushika mkasi imenyamaza. Mwashi wa kitanda cha jirani anasema mgongo wake umehamia kwa mtu mwingine.

Tuko tisa wodini. Mlango unafungwa kwa ufunguo, na simu walizichukua siku ya kwanza, eti habari za nyumbani zisivuruge matokeo. Bahati Kipara, dereva wa gari la mashuka, anapita huko kwenu Jumanne na Jumamosi, na ni mtu wa watu, ndiye anayekuletea hii.

Sasa nisikilize. Fumua pindo la leso hii. Ndani mna vidonge vyangu vya jioni. Nesi akigeuka huwa navitoa chini ya ulimi. Mpe mama kimoja kila usiku kwa ajili ya magoti yake. Tulilelewa kugawana hata ndizi moja. Siwezi kupona peke yangu.

Dada yako

Jumamosi, 8 Machi

Dada, shikamoo.

Huku hatujambo, hofu kwako tu. Leso imefika. Umeshona pindo utadhani unaficha dhahabu, nimevunja wembe. Mama amemeza, na jana amekwenda sokoni kwa miguu. Wakati wa kurudi alinipita njiani akaniuliza mbona natembea kama bibi harusi. Tuma vingine. Anakuombea mpaka majirani wanalalamika.

Kitu kimoja cha kuchekesha: alikanyaga kaa la moto jikoni akaendelea kukoroga chungu. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Anasema dawa hiyo ni kiboko.

Mdogo wako, Kasuku

Jumanne, 18 Machi. Jua tangu asubuhi, hakuna upepo.

Mdogo wangu,

Salamu fupi leo. Mama asimeze tena. Vilivyobaki kwenye leso ya tatu, vitupe chooni.

Alhamisi mwashi alilala baada ya chakula cha mchana, hakuamka. Uso mtulivu, kama mtu anayesubiri chai. Daktari akasema ni moyo. Jumapili mwalimu mmoja wa humu wodini naye, akiwa kwenye kiti, gazeti mapajani. Hakuna aliyekohoa wala kutapatapa.

Jana nikajua. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, nikazuia pumzi kama tufanyavyo mafundi cherehani wote. Uzi ukapita. Nikashona, nikaendelea kushona. Kifua hakikunidai kitu. Mpishi, yule mama wa kitanda cha dirishani, ndiye aliyeniuliza mbona midomo yako imegeuka rangi. Nilikuwa sijapumua, wala sikuona haja.

Dawa hii haiui maumivu peke yake. Inaua pia ile sauti ya mwilini inayosema pumua. Ukiwa macho unaweza kujikumbusha. Ukilala, nani akukumbushe?

Mama asilale peke yake. Wewe na shangazi mkae naye kwa zamu. Mkiona kifua kimetulia, mtikiseni, mpigeni, msimwonee haya.

Nilimwomba nesi simu, nikamweleza yote ya leso. Akaenda kwa daktari. Daktari akaja na kalamu, akaniuliza mama ana uzito gani. Simu hakunipa.

Dada yako

Ijumaa, 21 Machi

Dada, shikamoo.

Habari za huko? Huku salama tu. Gari la Kipara limelala gereji tangu Jumanne, kwa hiyo barua yako ya wiki hii sijaiona. Anasema kesho litatengemaa. Nimemwachia hii mkewe.

Mama anamalizia leso ya tatu. Siku hizi halalamiki kitu, si magoti, si njaa, mpaka nimkumbushe kula. Na usingizi anaopata unatia wivu. Halali tena kwa kukoroma, yeye aliyekuwa akikoroma mpaka kuku wanahama. Jana mchana nilimtikisa sana ndipo akafungua macho, akasema, "Kwani mnaniamsha niende wapi?" Tumecheka.

Mdogo wako, Kasuku

Jumamosi, 22 Machi. Manyunyu.

Kasuku, sina salamu. Kipara yuko hapa ananisubiri niandike. Barua yangu ya Jumanne ilikuwa chini ya kiti chake siku zote hizo. Isome hiyo kwanza, usinijibu. Mwamshe mama.

Mimi usiniulize. Dawa wameisimamisha, lakini kabla ya hapo walituchoma sindano badala ya vidonge, na sindano haifichwi chini ya ulimi. Tumebaki sita. Tunalala kwa zamu, wawili wawili, mimi na mpishi. Nesi ni mmoja.

Dada yako

Jumanne, 25 Machi

Dada, shikamoo.

Mama yupo. Nimeanza na hilo.

Kipara aliingia bila hodi. Mama alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, kifua kimya, midomo kama majivu. Nilimpiga kofi. Halikutosha, nikaongeza. Akavuta pumzi ndefu, akanitazama.

"Umenipiga?"

"Nimekupiga, mama."

"Tutaongea."

Hatujamwacha tangu siku hiyo, mimi, shangazi na Kipara mwenyewe. Leo asubuhi ameamka analia magoti. Dada, sijawahi kufurahia kilio cha mtu namna hii. Sasa hivi amelala, anakoroma, kuku wamehama.

Basi wewe. Jana na leo nimefika getini kwenu. Mlinzi anasema hapa hakuna wodi ya majaribio, kuna stoo. Nikamwonyesha barua zako, akaniambia nirudi kesho. Polisi wakasema uliingia mwenyewe kwa hiari yako. Nitarudi, na kesho kutwa nitarudi. Maumivu yakianza, niandikie hata neno moja.

Mdogo wako, Kasuku

Jumamosi, 29 Machi. Anga safi, joto limeanza mapema.

Mdogo wangu,

U hali gani, na mama? Mpe pole ya magoti. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Hapo kwenye "Tutaongea" nilicheka peke yangu.

Kila asubuhi najichoma kidole gumba kwa sindano ya kushonea. Leo pia sikusikia kitu.

Mpishi hayupo. Juzi ilikuwa zamu yake kukaa macho na yangu kulala. Alisinzia ameketi, mkono wake begani kwangu. Nesi alipoingia aliniamsha mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa karibu na mlango. Hana mikono minne. Wengine wawili hawakuamka Jumatano, na wawili waliobaki wanaangaliana wao kwa wao, siwalaumu.

Nesi ametoka asubuhi kufuata mashine ya kupumulia. Aliniambia nijitahidi mpaka arudi. Nimetembea, nimenawa uso, nimeshona mashuka yote yaliyochanika, nikayafumua, nikayashona tena. Sasa mistari ya karatasi inapanda na kushuka.

Jana nilisikia sauti getini. Nadhani ni wewe, sauti yako haijifichi. Nilijibu, lakini kupiga kelele kunataka pumzi nyingi kuliko ninazokumbuka kuvuta.

Mama asiambiwe kwamba alimeza fungu langu. Mwambie alimeza lake.

Kipara hupita saa kumi. Barua hii naiweka juu ya mashuka machafu, aione. Nesi hajarudi. Nimeketi, nimeegemea ukuta, jua limefika kitandani. Saa nane na nusu mchana. Nalala.