Utando Uliouacha kwenye Kioo

Zuhura, rafiki yangu,

Nimechoka. Nakuambia wewe kwa sababu hapa maabara nikisema hivyo wanadhani naumwa, wananichemshia tangawizi.

Ule utando wa plastiki na udongo uliouacha nusu nimeumaliza. Baada ya mazishi yako hakuna aliyethubutu kugusa kioo chako, nikaona acha niendelee mimi. Chovya kioo kwenye maji yenye plastiki iliyoyeyushwa, suuza, chovya kwenye maji ya udongo laini, suuza, anza tena. Kila tabaka jembamba hata jicho halilioni. Umeme ukikatika mashine ya kuchovya inasimama, nami nachovya kwa mkono huku nakusikia: "Suuza vizuri wewe, usilipue kazi!" Nilikuwa nakuona mkorofi. Kumbe nikisuuza harakaharaka udongo unafanya mabonge, kazi yote inaharibika.

Juzi nimeubandua. Umetoka mzima, mwembamba kama ganda la kitunguu, unapitisha mwanga. Nililia mbele za watu, wala sikujali.

Sasa mkuu wetu anasema lazima uvutwe kwenye mashine mpaka ukatike, maana bila hivyo hakuna atakayeamini kuwa una nguvu. Najua anasema kweli. Lakini matabaka ya chini ni ya mkono wako, Zuhura, na hatuna utando mwingine. Kila asubuhi natafuta kisingizio: leo umeme mdogo, leo hewa ina unyevu. Wananivumilia tu.

Jumapili nikaupeleka Mtoni kwa mama yako. Akaunyanyua dirishani, akasema, "Kumbe ndicho hiki kilichokuwa kinamchelewesha mwanangu kula?" Nikamweleza habari ya mashine, nikitegemea aniambie tusiukate. Sijamaliza hata kusema, akashika ncha mbili, akavuta. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, meno ameyauma. Haukukatika. Akaunyoosha taratibu, akanirudishia. "Kauvuteni," akasema. "Watu wamjue."

Nilikunywa chai yake, nikaaga.

Basi kesho naufunga kwenye mashine. Sitamwachia mtu mwingine, na sitatoka nje. Nakuahidi majibu yatakayopatikana yataandikwa kwa jina lako kwanza, langu lifuate, na atakayebisha atanikuta.

Pumzika, Zuhura. Ukisikia kitu kinakatika, usishtuke. Ni mimi.