Samaki Niliyempelekea Papa wa Feza

Kabondo, Kisangani

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mwanao, ambaye yu mzima, anakula vizuri na anafua nguo zake mwenyewe, ingawa najua hilo la mwisho hutaliamini. Mgongo wako unaendeleaje? Na mvua za Kindu, zimeliacha salama shamba la mihogo? Mimi hapa sina ugonjwa ila mmoja, na ndio ninaotaka kukueleza. Ukae kwanza.

Katika barua yako ulisema umeshanitafutia mchumba, binti wa jirani yetu anayeimba kwaya. Ni msichana mzuri, sina neno naye. Lakini Mama, mimi nampenda Feza. Anasomea uuguzi, na kwao ni kwa wavuvi wa pale kwenye maporomoko. Nimesema. Endelea kusoma, usiikunje barua.

Makosa yangu yalianzia darasani. Mwalimu wetu wa biolojia alitufundisha namna viumbe wanavyochagua wenzi. Alisema mdiria dume, yule ndege mvuvi, akitaka mke humpelekea samaki. Jike akimpokea, mambo yamekwisha, maana ameona huyu ataweza kulisha makinda. Akasema na sisi watu ni hivyo hivyo: wanawake wa zamani sana waliopenda wanaume wenye kuleta chakula, watoto wao ndio waliopona, na sisi ni wajukuu wa hao waliopona. Citoyenne mmoja, msichana wa darasani kwetu, akauliza, basi mbona wapiga gitaa wasio na hata muhogo nyumbani wanapendwa kuliko wote? Mwalimu akajibu kwamba sauti nzuri nayo ni dalili ya afya. Yule bwana hakosi jibu. Wenzangu walicheka, mimi niliandika kila neno, kwa kuwa nilikuwa nimealikwa kwa mara ya kwanza nyumbani kwa kina Feza.

Basi nikaazima baiskeli na abakosti, ile suti isiyovaliwa tai, ya mwenzangu wa chumbani, nikapitia sokoni kuchagua samaki mkubwa kuliko wote. Mama muuzaji alikuwa mkali, lakini kununua ulinifundisha wewe: nikambonyeza samaki, nikamnusa, nikasema macho yamefifia, huyu amelala tangu jana. Tulibishana mpaka watu wakasimama kutusikiliza. Akanipunguzia bei huku amenuna. Nikamfunga samaki kwenye usukani, nikapita kwa kinyozi, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Samaki nilimkabidhi papa wa Feza, baba yake, kwa mikono miwili. Mzee akamgeuza samaki huku na huku. Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu: kumpelekea samaki mtu ambaye ukoo wake wote umevua pale tangu mababu! Akamwita mkewe aje kuona. Akatoka ndani yule mama wa sokoni.

“Huyu njo ule alisema samaki yangu inalala tangu jana,” akasema taratibu. “Na papa Feza aliitosha ku mutego leo asubui.”

Mama, samaki yule mzee alimvua mwenyewe asubuhi ile! Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Feza alikuwa mlangoni, amejifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika. Kisha mzee akaangua kicheko mpaka akakohoa, na mkewe, aliyejikaza sana, akashindwa naye. Samaki akapikwa kwa mawese, tukala wote. Nikawaeleza habari za mdiria. Mzee alisikiliza vizuri, halafu akaacha kucheka.

“Bon, ndege anaweza kuya peke yake,” akasema. “Weye uko mutu. Mwenye alikuzala iko wapi? Nani atakuya kusema juu yako?”

Nikamwambia uko Kindu. Akaniambia wajomba wa kijana mmoja wa Isangi, mfanyabiashara, wameshakuja mara mbili kumwomba Feza. Kwa kuwa binti mwenyewe hataki, atawazuia mpaka mvua hizi ziishe. Zikiisha bila watu wangu kufika, atawajibu wale waliofika. Feza alinisindikiza hadi barabarani. “Leta mama,” akaniambia. “Ile ingine uniachie miye.”

Najua kwako watu wa huku ni wageni, na unaogopa mwanao atapotelea kwao. Mimi pia naogopa, Mama, naogopa kumkosa Feza. Panda meli hadi Ubundu, kisha gari la moshi. Uje na tonton Kalume, mdogo wake baba, ambaye haishiwi maneno mbele za watu, msalimie sana. Nisalimie dada Sifa na wanafunzi wake wa darasa la kwanza, na bibi mzaa baba, umwambie dawa yake ya macho nimeipata.

Mwalimu alitueleza kila kitu ambacho jike hukitazama kwa dume. Kwa kina Feza, wa kutazamwa ni wewe. Mimi wameshanitazama, wamenicheka na wamenilisha, na bado hawajui mimi ni nani. Njoo, Mama, uwaambie.

Nitakuwa stesheni kila gari la Ubundu likifika.

Mwanao akupendaye,
Musafiri