Ule Moshi Haukuwa Wewe

Ntandu,

Sikusalimii kwanza. Nina hasira na wewe, na salamu ingekuwa uongo. Mtu anayekufa na kazi yake ikiwa nusu asitegemee kuulizwa habari za huko aliko. Nikuambie za huku.

Pikipiki iliungua waya. Tanki ni zima, injini ni nzima, na zile rimu tulizonyoosha mimi na wewe mpaka vidole vikafa ganzi bado zinazunguka bila kuyumba. Kilichoungua ni waya, kuanzia chini ya kiti mpaka ndani ya taa ya mbele. Plastiki iliyeyuka na kushikana, mtu asingeweza kujua ipi ya honi na ipi ya breki. Na hapo kwenu Sepuka wakasema aliyeziunguza ni wewe.

Ndiyo. Wewe, uliyezikwa.

Siku ya kuanua matanga kaka yako Kitundu alisimama mbele ya ukoo akatangaza kwamba pikipiki ya baba yenu inahamia Ikungi, kwenye gesti yake kando ya barabara ya Dodoma. Itapandishwa juu ya nguzo ya zege, ipakwe rangi ya dhahabu, izungushiwe vile vitaa vya Krismasi vinavyowaka na kuzima, ili wasafiri wapige nayo picha. "Jina la mzee litabaki," alisema. Watu wakapiga makofi! Baba yenu, bwana afya aliyebeba masanduku ya chanjo kwenye pikipiki hiyo, akapita mbugani na matope mpaka kwenye magoti, akalala vijiji ambavyo hata leo gari linaogopa kwenda, leo anakumbukwa kwa vitaa vya Krismasi. Nchi hii ina ugonjwa huo. Kitu kikiwa kinafanya kazi tunakiacha kife, kikishakufa tunakipaka rangi.

Nikasimama. Nikasema Ntandu aliniambia pikipiki ni ya Neema, binti yake.

Kaka yako hakukasirika. Aliniuliza kwa ule upole wa mtu anayejua ameshashinda, "Alikuambia wewe peke yako?" Nikasema ndiyo. "Nani mwingine alisikia?" Hakuna. Ndipo mjomba wenu mmoja akasema kwa sauti, "Huyu si ndiye aliyewaandika madiwani gazetini mpaka wakamnyima salamu? Huyu aliyebishana na katekista kaburini kwa baba yake mwenyewe?" Wakacheka, Ntandu. Kwenye matanga yako ukoo mzima ulicheka, na neno lako likazama katikati ya kicheko hicho.

Hasira yangu ilianzia hapo. Ulikuwa na dada yako, ambaye akisema jambo hapo nyumbani hakuna anayeuliza mara ya pili. Ulikuwa na mwenyekiti wa kijiji, jirani yako wa uzio mmoja. Ukawaacha wote ukanichagua mimi, rafiki tu asiye wa ukoo, mtu ambaye nusu ya mkoa huu ingefurahi kusikia nimesema uongo. Na ulinichagua vipi? Tumelala chali chini ya injini, grisi mpaka kwenye viwiko, ukasema, "Hii ni ya Neema. Kitundu asiisogelee." Halafu ukaniomba spana. Wosia wako ndio huo. Maneno machache, halafu spana.

Ulifanya vilevile na vidonge vya presha. "Nikijisikia vibaya nitameza." Ulijisikia vibaya mara moja tu, katikati ya alizeti, na hapakuwa na muda wa kumeza.

Wazee waliahirisha suala la pikipiki mpaka baada ya mavuno. Kitundu hakusubiri. Alikuja na fundi wa bodaboda kutoka Ikungi, kijana mzuri tu, anayejua kazi yake. Kitundu alitaka taa na honi viwake kabla ya kuipandisha nguzoni. Fundi akaona hapana betri, akaweka ya bodaboda, akaifunga kama anavyofunga kila siku, upande wa hasi kwenye fremu. Pikipiki zote alizowahi kuzigusa zinafungwa hivyo. Angejuaje kwamba Waingereza wa zamani hizo walifanya kinyume, chanya ndiyo inakwenda kwenye fremu? Moto wa betri ulikimbia ulikokatazwa. Moshi ukatoka chini ya tanki, fundi akaruka, kina mama wakapiga yowe, na mzee mmoja akavua kofia akasema, "Marehemu amekataa."

Lingeishia hapo ningeelewa. Watu wana msiba, wameogopa. Lakini kaka yako si mtu wa kupoteza moshi bure. Kabla jua halijazama alikuwa na tafsiri kamili: marehemu amekataa pikipiki isiwashwe tena, marehemu anataka ipumzike, na mahali pa kupumzika ni juu ya nguzo, Ikungi. Nilipofika wakaniambia kwa unyenyekevu, kama watu wanaoleta ujumbe kutoka kwako. Niliwaambia mtu aliye hai hasikilizwi kwenye familia hii, itakuwa moshi? Sikuwashawishi. Nilipandisha sauti, na wewe unajua nikipandisha sauti watu wanasikia sauti tu.

Nilimchukia yule fundi kwa muda mfupi. Alinifuata mwenyewe, akaniamkia, akasema, "Mzee, mimi marehemu sikumwona. Niliona moshi." Nikacheka, nikamsamehe. Wewe sikukusamehe. Ulijua chanya na hasi za pikipiki ile tangu baba yako alipokuachia. Ungepaka neno moja tu kwa rangi chini ya kiti. Brashi ya rangi ulikuwa nayo, tanki ulilipaka mara tatu kwa sababu hukuridhika na ule wekundu! Lakini kuandika jambo ili mwingine alijue, hapana. Ulipenda watu waje kukuuliza.

Na yule aliyekuja kukuuliza ulimfukuza. Nilikuwepo. Neema alikuwa bado sekondari, akaja akasimama mlangoni mwa banda akasema, "Baba, hizo waya zinakwenda wapi?" Ukamjibu, "Zinakwenda kwa wanaume. Leta maji ya kunawa." Ulicheka, na yeye akacheka, akaleta maji. Siku hizi anafunga umeme wa jua kwenye mapaa ya watu mjini Singida. Alijifunza kwa wengine. Nilipompigia simu kumweleza habari ya moshi alisema, "Ba'mdogo, baba alikufundisha wewe. Wewe ambaye hujawahi hata kuipanda."

Ungemjibu nini? Mimi nilimwambia aje aione.

Alikuja na begi lake la vifaa. Tukalitoa lile fungu lote la waya zilizoungua, tukalitandaza kwenye turubai kama ngozi ya mnyama, tukafuata kila tawi kujua lilikuwa linatoka wapi na kwenda wapi. Hapo ndipo tulipogombana, na naomba unisikilize kwa sababu ugomvi wenyewe ulikuwa wako.

Mimi nilitaka tuifunge kama ilivyotoka kiwandani. Chanya kwenye fremu, betri ya volti sita, waya za kuvikwa kitambaa kama zile za mwanzo, za enzi za mzee. Nilimwambia kwamba kurekebisha kitu cha kale maana yake ni kukiheshimu, kwamba Kitundu ameanza kwa rangi ya dhahabu na sisi tutaishia pabaya vilevile tukianza kubadilisha. Nilizungumza muda mrefu. Nilizungumza vizuri pia.

Yeye alikuwa anamenya waya kwa plaizi. Akasema, "Tuigeuze. Hasi kwenye fremu, volti kumi na mbili, koili na betri za bodaboda, na fyuzi, maana haikuwa na fyuzi hata moja. Ikiniharibikia Itigi fundi yeyote ataishika bila kuichoma." Nikamwambia hiyo si pikipiki ya babu yako tena. Akaweka plaizi chini, akanitazama. "Ba'mdogo, unataka pikipiki au unataka makumbusho? Maana anayetaka makumbusho tayari tunaye, yuko Ikungi."

Nimebishana na watu wenye shahada za kila rangi, Ntandu, na hakuna aliyewahi kunishinda haraka hivyo. Nilikwenda nje nikavuta hewa. Niliporudi nikamshikia taa.

Yule fundi wa Ikungi ndiye aliyetuletea koili na kile kidude kinachonyoosha umeme unaotoka kwenye injini, na alikataa kuondoka mpaka aone. Waya tulinunua mjini, kwenye duka la spea la yule mzee wa Kihindi ambaye baba yako alikuwa akinunua kwake plagi. Alipoambiwa ni za pikipiki ipi akamwita mwanawe, "Njoo uone, ile ya bwana afya bado iko!" Akamwambia Neema achague rangi mwenyewe. Alichagua nyekundu ya moto, nyeusi ya fremu, njano ya taa, buluu ya honi. Kila ungio akalichoma kwa risasi ya kuyeyusha, akalivalisha mpira, akavuta kuona kama litaachia. Mimi nilipofunga moja kwa kusokota na tepu, kama ulivyonifundisha, alilikata, akalifunga upya. Ninakuambia ili ujue ufundi wako ulifikia wapi. Na kabla ya kurudisha kiti alichukua rangi nyeupe akaandika kwenye fremu, kwa herufi kubwa: HASI HAPA.

Iliwaka kiki ya pili. Taa ikawaka mchana, honi ikalia kwa ile sauti ya mbuzi. Kuku walitawanyika. Dada yako alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama tu. Nilitaka kumwambia kila mtu aliyekuwa uani: hayo ndiyo makatazo ya marehemu, geuzeni waya na yameisha. Sikusema. Ilitosha mlio.

Nilidhani tumeshinda. Hapo nilikuwa mjinga, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba Kitundu haamini moshi wala mizimu. Alikuja kwenye kikao cha baada ya mavuno, akaisikiliza injini, akalipigapiga tanki, akasema, "Vizuri sana. Inayounguruma itavuta watu kuliko iliyokufa." Hakuna aliyemuuliza kuhusu yale matakwa yako ya kupumzika. Mjomba wenu pekee alikohoa. Ndipo kaka yako akatoa hoja yake ya kweli, ambayo ilikuwepo tangu mwanzo chini ya rangi zote: Neema amechumbiwa na mtu wa Kiomboi. "Mnataka pikipiki ya mzee ikaolewe kwa Wanyiramba?" Wakacheka tena. Ukoo wako unacheka sana, sijui kama uliwahi kuligundua hilo.

Neema alisimama. Nilidhani atalia, nikajiandaa kuwasha moto. Akasema, "Shikamoo baba mkubwa." Kitundu, kwa mazoea tu, akajibu marahaba. Neema akavaa kofia yake ngumu, akapiga kiki, akatoka uani polepole katikati ya viti vya plastiki, watu wakavuta miguu kumpisha. Dada yako alifungua lango. Sikia hilo vizuri: alifungua, hakuambiwa na mtu.

Sasa Kitundu amefungua shauri kwenye baraza la kata. Anasema mali ya ukoo imechukuliwa kwa nguvu. Neema anaitumia kila siku, ngazi imefungwa pembeni, anakwenda nayo kazini mpaka vijiji vya ndani ambako baba yenu alipita na chanjo zake. Baraza wakisema ni ya ukoo, itapanda nguzoni. Wakisema ni yake, ni yake. Na shahidi wa maneno yako ni mmoja, mimi, ambaye nusu ya wajumbe wa baraza hilo nimewahi kuwaita majina kwenye maandishi. Mwenyekiti wao nilimwita mbuzi wa mapambo. Alistahili, lakini angalia mahali uliponiweka.

Kwa wiki nzima nimekuwa naandika nitakachosema. Ilikuwa hotuba. Ilikuwa na sehemu kuhusu mabinti na urithi, ambayo ni kweli tupu na ingewauma. Ilikuwa na sehemu kuhusu watu wanaosema kwa niaba ya wafu. Jana Neema alipita kuniamkia, akaisoma amesimama, akanirudishia. "Nzuri, ba'mdogo. Ukiisoma hiyo nimepoteza pikipiki." Hakuwa na hasira. Aliniambia kama mtu anayekuonyesha waya uliolegea.

Nimeifuta. Nimeacha yale maneno ya chini ya injini, na mahali tulipokuwa, na kwamba ulikuwa na akili zako timamu.

Basi ninakuahidi hivi. Nitavaa shati safi. Nitawaamkia wazee wote, na mwenyekiti nitamwamkia wa kwanza. Nitasema ulichosema, kama ulivyokisema, halafu nitakaa. Kitundu atanichokoza, kwa sababu ananijua, nitatazama sakafu. Mjomba wenu atatupa neno, watu watacheka, na mimi nitakuwa nimekaa nimefumba mdomo, nina majibu matatu mazuri, sitoi hata moja. Itakuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na ninaifanya kwa ajili ya binti yako. Wewe bado nina ugomvi na wewe, na hautaisha leo.

Kwaheri, Ntandu. Baraza linakaa asubuhi, ngoja nikapige pasi lile shati.