Chama cha Kuacha Pombe Kinacholima kwa Pombe

Mheshimiwa Mshauri,

Nakuamkia kwa heshima na kukusihi unisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu, kwa kuwa mimi ni mtu mzima wa miaka sitini, mwalimu wa dini kwa miaka thelathini na mmoja katika kijiji cha misheni huku milima ya Uluguru, na ninaloliandika nimewaficha hata wale niliowafundisha sala, nalo ni kwamba mimi ni mlevi.

Nilijijua mwezi wa Machi, mazikoni, nilipokuwa nikiongoza litania nikasinzia katikati yake, na waombolezaji, kwa kunistahi, wakaendelea kuitikia "utuombee" pasipo kutajiwa mtakatifu yeyote. Padre aliniita akaniambia, "Mwalimu, peke yako hutaweza. Watafute wenye ugonjwa wako, mkutane kila juma, mwambiane kweli."

Nikashuka Morogoro mjini, maana nilisikia kwamba Mwembesongo yuko fundi cherehani, Mzee Mikidadi, aliyekuwa mnywaji mkubwa, ambaye kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri hukaa barazani pake na wanaume walioacha pombe, Waislamu kwa Wakristo, wakinywa kahawa na kuelezana ya moyoni. Aliponiona akasema, "Karibu, mzee mwenzangu. Umekuja kushona au umekuja kuacha?" Nami nikaona haya mbele ya watu wale, tena nikajiuliza mwalimu wa Kanisa atafundishwa nini na mshona kanzu, nikajibu, "Nimekuja kushona," nikavua koti nikamwachia akaze kifungo ambacho hakikuwa kimelegea, nikapanda mlima bila koti.

Basi nikaanzisha chama changu mwenyewe, watu saba, mimi mwenyekiti, na ili tusikae bure tukakubaliana kulimiana mashamba kila Jumamosi kwa zamu, lakini desturi yetu ni kwamba aliyealika watu kulima huwapikia pombe, na asiyepika amewatukana, hivyo Jumamosi ya kwanza, mara baada ya sala, mke wa mwenzetu Petro akaleta chungu, nami nilipopinga Petro akasema, "Mwalimu, niwalimishe mlima mzima halafu niwanyweshe maji kama mbuzi? Wakwe zangu watanicheka!" Tukanywa kidogo, kwa adabu, na tumekunywa kwa adabu Jumamosi zote sita.

Mke wangu Scholastika alinitazama nikirudi akasema, "Baba Modesta, zamani ulilewa ovyo, sasa unalewa kwa zamu," akakunja mkeka wake akaenda kwa kaka yake. Shamba ninalolima ni la ukoo wake, kama ilivyo kwetu Waluguru, naye ametuma neno kwamba siku ya zamu yangu shamba likilimwa pasipo chungu atarudi pasipo kuitwa, bali akisikia chungu kimewekwa nisimtarajie tena. Zamu yangu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kwa kuwa mwenyekiti nilijiweka mwisho, na jirani yangu Veronika amekwisha kunioteshea kimea cha pombe. Nikipika nimempoteza mke, nisipopika nimewatukana wenzangu na chama kitakufa, na chama kikifa, Mheshimiwa, nitaachaje pombe?

Alois, Uluguru

JIBU

Mwalimu Alois,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyosihi, na swali lako la mwisho nimelisoma mara mbili, nikidhani macho yangu yamezeeka. Chama chako kimekuwa hai Jumamosi sita. Umeacha nini?

Nakupa pole kwa siku ile ya mazishi, maana aibu yake naielewa. Lakini padre alikuambia mwambiane kweli, hakukuambia mlimiane. Ulichagua jembe kwa sababu jembe haliulizi kitu. Na hiyo adabu unayoitaja inanishangaza: umemstahi Petro, umewastahi hata wakwe wa Petro, na aliyekosewa adabu ni mmoja tu, yule aliyekunja mkeka.

Usiniandikie tena kwamba utapika togwa badala yake. Togwa ya asubuhi haina neno, lakini ikilala huchachuka, na ninyi saba nawaona jinsi mtakavyokuwa na subira.

Kimea kile mwambie Veronika awape kuku. Waendee wenzako sita, mmoja mmoja, nyumbani kwake, umwambie kwa kinywa chako: "Mimi ni mlevi. Kwangu hakutakuwa na chungu, kutakuwa na uji na viazi." Atakayekasirika mwache akasirike, amekasirishwa na kweli, na hilo silo tusi. Atakayekuja na jembe lake, huyo ndiye mwanachama. Asipokuja hata mmoja, lima mwenyewe mpaka jua likuchoshe, na Jumatatu uendelee baada ya Misa ya asubuhi. Mkeo alikataza chungu. Hakukuwekea idadi ya majembe.

Lakini kabla ya hayo yote, Alhamisi hii shuka Mwembesongo. Koti lako bado liko kule, na kifungo chake hakina kosa, jambo ambalo fundi alilijua tangu ulipolivua. Atakuuliza tena swali lake lile. Safari hii usivue kitu. Keti, pokea kahawa, umjibu.