Kicheko cha Msimu wa Tisa

Mwenzangu, nimejifungia chooni kwa wakwe. Usinipigie, soma tu.

Tulikuwa sebuleni tunatazama ile komedi yetu, msimu wa tisa. Baba mkwe akaniuliza naionaje. Si ningesema nzuri, yaishe? Mdomo huu!

Nikasema imechuja. Yule baba wa kwenye komedi kaoa mara ya nne, na sasa hata mbwa anaongea! Nikaona haitoshi. Nikaongeza, "Na huyo mama anayesikika huko nyuma akicheka kila utani kama fisi aliyekwamwa na mfupa, wamemtoa wapi?"

Mchumba wangu akanikanyaga mguu. Mimi nikadhani ananiunga mkono. NIKARUDIA. Fisi. Na mfupa.

Mama mkwe, aliyekuwa anamenya machungwa, akaangua kicheko. KILE KILE cha kwenye TV! Kumbe kila wakirekodi huitwa akae na watazamaji acheke, misimu yote tisa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye anafuta machozi, ananiambia, "Mwanangu, msimu huu ni mbovu kweli. Ungekuwa mzuri, wangenihitaji mimi?"

Bado anacheka. Namsikia mpaka huku chooni.

Na mimi, Mungu anisamehe, nimeng'ata taulo nisicheke.