Damu ya Jirani

Kaka Mayala, shikamoo.

Huku Ibadakuli jua ni kali, nami nimeanika michembe ya viazi juu ya lile jiwe la mama. Unakumbuka ulivyokuwa radhi kulala njaa kuliko kula kwa jirani? Mama aliona aibu, mimi nikicheka.

Sasa mwili wangu umekuwa kama wewe. Kwa sababu ya ugonjwa wangu wa selimundu nimeongezewa damu za watu wengi, na daktari anasema mwili umejifunza kuzishambulia. Baada ya ile ya mwisho nilikojoa mkojo mweusi kama kahawa. Kila wanayoipima sasa haipatani na yangu. Labda ya ndugu wa tumbo moja, anasema.

Najua duara lenu la machimbo huko Nyarugusu limeanza kutoa dhahabu, kwa hiyo sikuiti. Ila michembe nimeanika ya watu wawili.

Mdogo wako,
Vumilia